William Jennings Bryan, mwanasiasa Mkristo ambaye warithi wake walichukua nusu tu ya urithi

Kila mara Marekani inapofanya uchaguzi, washiriki wetu hutuletea swali lile lile. Kwa nini Wakristo wengi wa kule, hasa wazungu wa makanisa ya kiinjili, wanasimama na wahafidhina wa chama cha Republican, chama ambacho kwa miaka mingi kimekuwa pia chama cha wenye makampuni makubwa? Wengine kati yetu wanafikiri ndivyo Biblia inavyodai, kwamba mtu akiokoka huko lazima awe wa upande huo. Wengine wanasema ni mambo ya fedha tu. Ukisoma historia utaona kwamba njia ilipinda mara nyingi, na kwamba mmoja wa wale walioingiza Biblia kwa nguvu katika siasa za Marekani hakuwa upande wa matajiri hata kidogo. Matajiri walimwogopa. Jina lake ni William Jennings Bryan, na maisha yake yanafaa kujulikana kwetu.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1860 huko Salem, mji mdogo wa jimbo la Illinois, mwaka mmoja kabla ya Wamarekani kuanza kupigana wao kwa wao juu ya utumwa. Baba yake, Silas, alikuwa hakimu na Mbatisti wa kusali sana. Mama yake, Mariah Elizabeth, alitoka kwa Wamethodisti. Kwa hiyo mtoto alihudhuria shule ya Jumapili ya makanisa yote mawili. Alipofikia miaka 14 alifanya uamuzi wake mwenyewe: katika mikutano ya uamsho alimpokea Yesu, akaingia kwa Wapresbiteri, akabaki kwao hadi kufa. Alisoma chuo kule Jacksonville, akamaliza mwaka wa 1881 akiwa wa kwanza darasani, kisha akasoma sheria Chicago. Mwaka wa 1884 alimwoa Mary Baird, mwanamke mwenye akili nyingi ambaye alijifunza sheria nyumbani ili amsaidie mume wake, akafaulu mtihani wa wanasheria kwa jina lake mwenyewe. Mwaka wa 1887 wakahamia Lincoln, jimbo la Nebraska, nchi ya tambarare na wakulima wa mahindi na ngano. Huko ndiko watu walikuja kujua sauti yake. Hapakuwa na vipaza sauti wakati ule, na Bryan aliweza kusikika na maelfu ya watu uwanjani bila kupiga kelele. Mwaka wa 1890 walimchagua kuwa mbunge, akaenda Washington akiwa na miaka 30.

Ili tuelewe alichokuwa anapigania, tuanze na deni. Sisi katika Kongo tunajua ugonjwa wa fedha inayoshuka: leo franka inanunua hiki, kesho hainunui. Wakulima wa Marekani walikuwa na ugonjwa wa kinyume. Fedha yao ilifungwa kwenye dhahabu, na dhahabu ilikuwa chache wakati watu na mazao yanaongezeka. Basi dolari ilizidi kuwa ngumu mwaka hata mwaka, na bei ya ngano na pamba ikaanguka. Mkulima aliyekopa benki akiwa na uhakika kwamba magunia kadhaa yatalipa deni, alikuta miaka michache baadaye anahitaji magunia mengi zaidi kulipa deni lile lile. Mtu anayedaiwa kwa dolari huku mshahara wake unakuja kwa franka ataelewa mara moja. Mwaka wa 1893 benki nyingi zilianguka, viwanda vikafungwa, mashamba yakapigwa mnada. Dawa ambayo wakulima waliitaka ni kwamba serikali itengeneze sarafu za fedha nyeupe pia, pamoja na za dhahabu, ili fedha izunguke kwa wingi na mzigo wa madeni upungue.

Mwezi wa Julai 1896 chama cha Democratic kilifanya mkutano wake Chicago. Tarehe 9 Bryan alipanda jukwaani. Alisema kwamba mkulima wa kijijini na mchimba madini ni wafanyabiashara sawa na mwenye benki wa New York. Kwamba ukiyachoma majiji na kuacha mashamba, majiji yataota tena, lakini ukiharibu mashamba nyasi zitaota katika barabara za kila jiji. Akamaliza kwa mfano wa Kalvari: alionyesha taji ya miiba ikishushwa juu ya kichwa cha wafanyakazi, na watu wakisulubishwa juu ya msalaba wa dhahabu, akanyoosha mikono yake miwili kama mtu aliyetundikwa. Ukumbi ulinyamaza kimya, kisha ukalipuka. Walimbeba mabegani. Kesho yake wakamchagua kuwa mgombea wa urais, akiwa na miaka 36, mwaka mmoja tu kupita umri unaotakiwa na katiba yao.

Kama mchungaji, sehemu ile ya mwisho inanitia wasiwasi. Msalaba ni wa Bwana, na mtu akiutumia leo kwa ajili ya sarafu, kesho mwingine atautumia kwa ajili ya bunduki. Lakini pia ninaelewa kwa nini watu walilia. Walikuwa wamezoea kusikia mimbarani kwamba umaskini wao unatokana na uvivu. Huyu aliwaambia kwamba Mungu anaona mizani ya udanganyifu, jambo ambalo Amosi na Mika walikuwa wamelisema zamani.

Kampeni ile ilikuwa ya ajabu. Bryan alizunguka kwa treni karibu kilomita 29,000, akihutubia mara 600 hivi, pengine mara 20 na zaidi kwa siku moja. Mpinzani wake, William McKinley wa Republican, naye Mkristo Mmethodisti, alibaki nyumbani kwake Canton, Ohio, akipokea watu kwenye baraza ya nyumba yake, huku rafiki yake Mark Hanna akikusanya zaidi ya dolari milioni 3 kutoka kwa mabenki na makampuni. Fedha za Bryan zilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Wenye viwanda waliwaambia wafanyakazi kwamba Bryan akishinda wasirudi kazini. Na jambo ambalo tusilipite haraka: wachungaji wa makanisa makubwa ya miji ya Mashariki mwa Marekani walihubiri dhidi yake, wakisema anahatarisha mali na utaratibu. Bryan alipata kura milioni 6.5, McKinley milioni 7.1. Aligombea tena mwaka wa 1900, akashindwa. Na tena 1908, akashindwa na William Taft.

Mtu aliyeshindwa mara tatu kwa kawaida husahaulika. Bryan alishindwa mwenyewe lakini mawazo yake yakashinda. Alidai matajiri walipe kodi ya mapato: ikaingia katika katiba mwaka wa 1913. Alidai maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe badala ya mabunge ya majimbo: ikaingia mwaka ule ule. Alidai pombe ipigwe marufuku, ikapigwa marufuku 1919, ingawa baadaye walibadili. Alidai wanawake wapige kura, wakapata haki hiyo 1920. Alidai pia makampuni yatangaze fedha yanazotoa kwa wagombea. Yote hayo aliyahubiri kama sehemu ya injili. Kwake, kumpenda jirani na kumwekea jirani sheria ya haki yalikuwa jambo moja.

Katika uchaguzi wa 1900 alipinga zaidi ya yote ukoloni. Marekani ilikuwa imeishinda Hispania mwaka wa 1898 na kununua visiwa vya Ufilipino kwa dolari milioni 20, kisha majeshi yake yakaanza kupigana na Wafilipino wenyewe waliotaka uhuru. Bryan alisema jamhuri iliyozaliwa kwa kukataa mfalme wa mbali haiwezi kuwa mfalme wa mbali kwa wengine. Tukumbuke kwamba katika miaka ile ile Leopold wa Pili alikuwa anakamua raba katika nchi yetu, na wakubwa wengi wa dunia waliona ni sawa. Hata hivyo Bryan mwenyewe aliwashawishi wenzake waukubali mkataba ule wa kununua visiwa, akitumaini kuviachia huru baadaye. Lilikuwa kosa kubwa la hesabu. Wafilipino walingoja uhuru hadi mwaka wa 1946.

Mwaka wa 1910 alikuwa Edinburgh, katika mkutano mkubwa wa misioni za dunia ambao hata wanafunzi wetu wa teolojia bado wanausoma, akiwa mjumbe kutoka Marekani. Mwaka wa 1913 Rais Woodrow Wilson akamfanya waziri wa mambo ya kigeni. Mabalozi walicheka kwa sababu mezani kwake hakukuwa na mvinyo ila maji ya zabibu. Waliacha kucheka alipoanza kazi yake kubwa: mikataba ipatayo 30 na mataifa mbalimbali, kila moja ikiwataka wenye ugomvi wapeleke shauri mbele ya tume na kungoja mwaka mmoja kabla ya kuchukua silaha. Aliamini kwamba mataifa, kama watu, yakilala na hasira yao mara kadhaa hasira inapoa. Halafu vita vya kwanza vya dunia vikaja. Tarehe 7 Mei 1915 Wajerumani walizamisha meli ya Waingereza iitwayo Lusitania. Walikufa karibu watu 1,200, kati yao Wamarekani 128. Wilson aliandika barua kali kwa Ujerumani. Bryan aliona barua ya pili itaelekeza nchi vitani, na kwamba Wamarekani wangekatazwa kwanza kupanda meli za mataifa yanayopigana. Hakusikilizwa. Mwezi wa Juni akajiuzulu. Magazeti yalimwita mwoga na msaliti. Sisi tunaokaa katika nchi ambayo kiti cha uwaziri ni kitamu kuliko asali tunaweza kupima uzito wa jambo hilo. Tusimfanye malaika, lakini: ni yeye huyo aliyetia sahihi mkataba na Nicaragua mwaka wa 1914, uliowapa Wamarekani haki ya kuchimba mfereji katika nchi ya watu dhaifu.

Kuna doa moja zaidi, na msomaji Mwafrika hawezi kulifumbia macho. Mtu aliyewalilia wakulima hakuwalilia wakulima weusi. Chama chake kilitegemea kura za wazungu wa Kusini, ambako watu weusi walinyimwa kura, walitengwa shuleni, na mara nyingi waliuawa na makundi ya watu bila hukumu yoyote. Bryan aliwatetea wazungu hao walipowanyima weusi kura. Wilson alipokubali wafanyakazi weusi watengwe katika ofisi za serikali, yeye alikuwamo katika baraza la mawaziri. Na mwaka wa 1924, katika mkutano wa chama New York, wajumbe wengine walitaka kundi la Ku Klux Klan lilaaniwe kwa jina lake. Bryan alisimama kuwapinga, si kwa sababu alikuwa mmoja wao, bali kwa kuogopa chama kitapasuka. Pendekezo lile lilianguka kwa tofauti ya kura moja hivi. Umoja wa chama ulimzidi ndugu aliyepigwa njiani. Hilo halikuwa jambo dogo pembeni ya maisha yake, maana tutaona lilivyorudi.

Sasa tunafika kwenye sehemu ya maisha yake ambayo dunia inaikumbuka zaidi, kazi ya miaka mitano ya mwisho tu. Baada ya vita Bryan alihamia Miami, Florida, kwa ajili ya afya ya mkewe. Kila Jumapili alifundisha Biblia katika bustani chini ya minazi, na maelfu walikuja kumsikiliza. Pia alipata fedha nyingi kwa kuwasifia watu viwanja vya Florida ili wavinunue. Mtetezi wa maskini alikuwa ametajirika. Katika kipindi hicho alianza vita na fundisho la Darwin kwamba mwanadamu ametokana na viumbe vya chini.

Watu wengi hudhani alipinga kwa kuwa alisoma Mwanzo kwa herufi tu. Sivyo. Bryan alikubali kwamba siku za uumbaji zaweza kuwa nyakati ndefu, na kwa muda mrefu hakujali sana kama mimea na wanyama vilibadilika. Kilichomtisha ni matunda. Alikuwa amesoma kitabu cha Vernon Kellogg, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa Ubelgiji na Ufaransa wakati wa vita akisaidia kugawa chakula, ambaye alikaa mezani na maofisa wa Kijerumani na kuwasikia wakisema kwamba vita ni sheria ya asili, mwenye nguvu amle dhaifu. Akasoma pia uchunguzi wa James Leuba, wa mwaka 1916, ulioonyesha kwamba vijana waliingia chuo kikuu na imani na wengi wakatoka bila imani. Bryan akaunganisha mambo haya. Sheria ya makucha ambayo majenerali waliisifu aliiona ni ile ile ambayo wenye makampuni waliitumia kusema kwamba maskini ni maskini kwa sababu ni dhaifu. Kwa hiyo machoni pake hakugeuka hata kidogo. Adui wa 1896 na adui wa 1925 walikuwa mmoja.

Na hofu yake haikuwa ndoto. Kitabu cha biolojia cha George William Hunter, kilichotumika katika shule za sekondari za Tennessee, kilipanga wanadamu katika rangi tano na kuweka wazungu juu kabisa. Tena kilizungumza juu ya familia zenye ulemavu wa akili kama vijidudu vinavyonyonya jamii. Na watu wa Kongo tuna ushahidi wetu. Mwaka wa 1906, katika hifadhi ya wanyama ya Bronx, New York, kijana Mbilikimo kutoka nchi yetu, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani ili watu wamtazame, na waliotetea maonyesho hayo walisema ni elimu. Waliosimama kumtoa walikuwa wachungaji Wabatisti weusi wa New York, wakiongozwa na James Gordon, na walisema wazi kwamba fundisho la Darwin linalotumiwa hivyo linapingana na Ukristo. Ota Benga alipelekwa baadaye Lynchburg, jimbo la Virginia. Huko alijiua mwaka wa 1916. Bryan angeweza kuwa na wachungaji hao kama ndugu wa vita moja. Lakini alipofika mahakamani alilalamikia picha ya kitabu kile iliyomweka mtu katika duara moja na wanyama wanyonyeshao. Mpango wa rangi za watu haukuwa ndio uliomchoma.

Alijaribu kwanza ndani ya kanisa. Mwaka wa 1923 aligombea kuongoza Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri, akashindwa kwa kura chache na mkuu wa chuo cha kanisa ambako mageuzi ya viumbe yalifundishwa. Ndipo akageukia mabunge ya majimbo. Hoja yake ilikuwa hii: mwalimu analipwa na wazazi, basi wazazi ndio wenye neno la mwisho juu ya kile watoto wao wanachofundishwa. Tuishike hoja hiyo, maana katika vitu vyote alivyoacha ndiyo iliyoishi zaidi.

Mwezi wa Machi 1925 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku shule za serikali kufundisha kwamba mtu ametokana na mnyama, na faini ya dolari 100 hadi 500. Bryan alikuwa amewashauri waiache bila adhabu. Chama cha kutetea uhuru wa raia kikatafuta mwalimu atakayekubali kushitakiwa, na wafanyabiashara wa Dayton, mji mdogo uliotaka kujulikana, wakampata John Scopes, mwalimu wa miaka 24. Bryan akajitolea upande wa mashitaka. Upande wa utetezi akaja Clarence Darrow, mwanasheria mashuhuri asiyeamini, ambaye zamani alikuwa amempigia Bryan kampeni kwa ajili ya maskini. Kesi ilianza tarehe 10 Julai. Redio ya Chicago iliitangaza moja kwa moja, jambo ambalo halijawahi kutokea Marekani kabla ya hapo. Waandishi walijaa, wachuuzi wakauza Biblia na wanasesere wa nyani.

Siku ya Jumatatu tarehe 20, kwa sababu ya joto na umati, hakimu alihamisha kesi nje, chini ya miti. Darrow akamwita Bryan mwenyewe awe shahidi juu ya Biblia. Hakuna aliyemlazimisha. Alikubali. Kwa muda wa saa mbili hivi aliulizwa juu ya samaki wa Yona, juu ya jua la Yoshua, juu ya mke wa Kaini alitoka wapi, juu ya umri wa dunia. Aliposema kwamba siku za uumbaji si lazima ziwe za saa 24, marafiki zake walishituka na adui zake wakacheka. Kila mtumishi aliyewahi kuulizwa maswali na kijana mwerevu mbele ya watu anajua hali ile. Bryan alikuwa mhubiri, hakuwa mwalimu wa teolojia, na hakuwa amejiandaa. Kesho yake Darrow mwenyewe aliomba baraza la wazee limwone Scopes ana hatia ili arufani ifuate. Kwa sheria ya pale, hilo lilimnyima Bryan nafasi ya kutoa hotuba ya mwisho aliyoiandaa kwa wiki nyingi. Wazee walikaa dakika tisa. Faini ikawa dolari 100, na miaka miwili baadaye mahakama kuu ya jimbo ikaifuta kwa kosa la utaratibu. Bryan alishughulika siku zilizobaki kuchapisha hotuba yake. Jumapili tarehe 26 Julai alikwenda ibadani, akasali kwa sauti mbele ya kusanyiko, akala chakula, akalala kupumzika mchana, hakuamka. Alikuwa na miaka 65 na ugonjwa wa sukari. Mtu aliyejiuzulu kwa ajili ya amani alizikwa Arlington, makaburi ya wanajeshi, kwa sababu mwaka wa 1898 alikuwa kanali wa askari wa kujitolea ambao hawakuwahi kufika vitani.

Baada ya Dayton magazeti ya miji mikubwa yalisema watu wa aina yake wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Walijitenga na kuanza kujenga: shule za Biblia, redio, nyumba za vitabu, misioni. Kivu tunawajua kwa nyuso. Wabatisti wa Marekani walipogawanyika juu ya mafundisho, wale waliojiita wahafidhina waliunda shirika lao la misioni mwaka wa 1943, na wamisionari wake walifanya kazi katika Kivu kuanzia miaka ile ya 1940. Neno mhafidhina katika jina lao lilihusu fundisho la kanisa: kuzaliwa kwa bikira, damu, ufufuo. Halikuhusu chama chochote cha siasa. Vitu hivi viwili vilikuja kushonwa pamoja baadaye, na mshono ulikuwa na nyuzi nyingi.

Uzi wa kwanza ulitoka kwa wenye makampuni. Miaka ya 1930 Rais Franklin Roosevelt alipotoza kodi na kuweka sheria za kulinda wafanyakazi na wazee, matajiri walitafuta wachungaji wa kuwasaidia. Mchungaji James Fifield wa Los Angeles alianzisha mwaka wa 1935 shirika lililofundisha kwamba serikali inayogawa mali inavunja amri za Mungu. Kisha ikaja hofu ya ukomunisti, ambao kweli uliwatesa Wakristo wengi. Mwaka wa 1962 na 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza sala na usomaji wa Biblia kama sehemu ya ratiba ya shule za serikali, na watu wakakumbuka hoja ya Bryan juu ya wazazi. Mwaka wa 1964 sheria ya haki sawa ilipopita, wazungu wa Kusini walianza kuhama kutoka chama cha Bryan kwenda Republican; doa lile la 1924 likatafuta nyumba mpya. Mwaka wa 1973 mahakama ikaruhusu utoaji mimba. Na serikali ilipozinyima msamaha wa kodi shule za Kikristo zilizobagua weusi, viongozi wengi wa shule hizo walihisi wameshambuliwa. Mwaka wa 1979 mchungaji Mbatisti Jerry Falwell alikusanya hasira hizi zote katika chama cha maadili alichokiongoza kutoka mji wake. Mji huo ni Lynchburg, ule ule alikofia Ota Benga.

Katika uchaguzi wa 1980 wagombea wakuu walikuwa wawili. Jimmy Carter, mkulima wa Kusini, Mbatisti aliyefundisha shule ya Jumapili, alizungumza juu ya haki za binadamu na amani; Bryan angemtambua kama mwanawe. Ronald Reagan aliahidi kupunguza kodi, ile kodi ya mapato ambayo Bryan aliipigania miaka 20, na kuliongezea jeshi nguvu. Aliahidi pia kurudisha sala shuleni. Wazungu wengi wa makanisa ya kiinjili walimchagua Reagan. Walikuwa wamechukua Bryan wa Dayton. Bryan wa Chicago, aliyesema juu ya deni na benki, waliacha akiwa amezikwa Arlington. Nusu hiyo iliokotwa na wengine, na wengi wao hawakutaka kusikia neno lolote juu ya Biblia yake.

Huko Dayton kuna chuo cha Kikristo chenye jina lake tangu mwaka wa 1930. Mbele ya mahakama ile sanamu yake iliwekwa mwaka wa 2005, na mwaka wa 2017 sanamu ya Darrow ikawekwa katika uwanja ule ule. Washington, katika jengo la bunge, jimbo la Nebraska lilikuwa na sanamu ya Bryan kwa miaka mingi. Mwaka wa 2019 waliiondoa. Mahali pake waliweka sanamu ya Standing Bear, chifu wa kabila la Ponca, wenyeji wa kwanza wa nchi ile, ambaye mwaka wa 1879 alisimama mbele ya hakimu huko Omaha kuomba atambuliwe na sheria kwamba yeye ni mtu.